Somo: Kuchagua Kifaa cha Kurekebisha Injini ya Pikipiki Iliyobadilishwa

Katika Wilaya ya Bariadi na Mkoa wa Simiyu kwa jumla, pikipiki ni jembe la kazi. Hubeba abiria kwenda mnadani, magunia ya dengu kutoka vijijini, na mgonjwa anayewahishwa hospitali usiku. Kwa kutafuta nguvu zaidi, baadhi ya wamiliki hubadili ekzosi, huondoa chujio la hewa au hupanua silinda. Kisha huuziwa kifaa kinachodaiwa “kuongeza mwendo”. Somo hili linamwelekeza mlaji namna ya kuchagua kabla hajatoa fedha yake.

1. Fahamu kilichobadilika
Injini ya petroli huhitaji takribani gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Ekzosi iliyo wazi, au kukosekana kwa chujio, huongeza hewa. Petroli isipoongezwa kwa kiasi kinacholingana, injini hupata joto kali na pistoni huweza kutoboka. Mwombe fundi afungue plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Weupe huashiria upungufu wa petroli. Masizi meusi huashiria kwamba petroli imezidi.

2. Linganisha kifaa na tatizo
(a) Kwa pikipiki ya kabureta, upungufu wa petroli hutibiwa kwa jeti yenye tundu kubwa kidogo. CDI haiongezi petroli. Kazi yake ni kupanga wakati wa cheche. CDI isiyo na kikomo cha mizunguko huiacha injini izunguke kupita uwezo wa valvu na pistoni.
(b) CDI zipo za aina mbili: ya umeme wa betri na ya umeme wa koili ya injini. Hazibadilishani, hata kama soketi zinaingiliana.
(c) Kifaa cha kielektroniki cha kupanga petroli kinaifaa pikipiki inayopuliza petroli kwa kompyuta tu, nacho kiwe kimetengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo.

3. Muulize muuzaji
Nenda na kadi ya pikipiki pamoja na kifaa cha zamani. Uliza: Kinafaa modeli hii? Nani amekitengeneza? Dhamana ni ya muda gani? Kisipofaa, kitarudishwa? Majibu yaandikwe kwenye risiti.

4. Linda haki yako
Dai risiti ya EFD na uihifadhi pamoja na kifungashio. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Ukiuziwa kifaa kisicholingana na maelezo uliyopewa, anza kwa muuzaji; asipokusikiliza, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Ukitilia shaka ubora wa bidhaa, toa taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Kumbuka
Vumbi la barabara zisizo na lami hula silinda isiyo na chujio, na hakuna kifaa cha umeme kinachoweza kulizuia. Mara nyingine uamuzi wa busara ni kurudisha chujio mahali pake na kubaki na fedha yako. Pikipiki ikifa njiani, anayeumia si mwenye duka; ni wewe, abiria wako, na familia inayosubiri hesabu ya siku.