Mambo Yaliyolala Nyumbani

Katika nchi ya Ugogo na uwanda wote wa kati mvua huja msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili. Uwele na mtama vikiisha kuingia ghalani, na baridi ya Julai ikifika, mikono ya watu hupata nafasi. Ndiyo miezi ya kukandika kuta na kutengeneza paa. Lakini yapo mambo yasiyokumbukwa hata katika nafasi hiyo. Bwana asema, "Tutayatazama mwakani," bibi aitikia, na mwaka mwingine wapita.

Si uvivu daima. Mara nyingi ni haya. Kuandika wosia kwaonekana kama kukiita kifo, na kuulizana madeni kama kutoaminiana. Basi jambo huachwa sandukuni, pamoja na karatasi za kiwanja.

Na tuzitazame kwanza hizo karatasi. Mwaka 1973 Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu, ikaundwa CDA kuustawisha mji. Mamlaka hiyo ilivunjwa mwaka 2017, kazi zake zikakabidhiwa Halmashauri ya Manispaa, ambayo mwaka 2018 ikawa ya Jiji. Nyumba ngapi zingali na barua ya kwanza tu ya kiwanja, tena yenye jina la mume peke yake! Nao walio vijijini wanayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iletayo hati ya haki miliki ya kimila, ambayo mume na mke waweza kuandikwa wote wawili.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe, na mke vilevile. Mali yenye majina ya wote wawili huhesabiwa kuwa yao sawasawa. Yenye jina moja hudhaniwa kuwa ya huyo mmoja, mpaka mwenzake athibitishe vingine. Naye atathibitishaje, siku ambayo mwenye jina yumo kaburini?

Hapo ndipo penye uzito. Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963, lililoandikwa kwa makabila yafuatayo ukoo wa baba, liliweka kwamba mjane hapati sehemu ya urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Atunzwe na watoto wake. Mwanamke aliyechota maji ya kufyatulia matofali ya nyumba aweza basi kuomba pa kulala katika nyumba hiyohiyo. Twasema wazi: mume Mkristo asiyeandika wosia amemwachia mkewe kesi. Na njia ipo. Ajuaye kusoma na kuandika atahitaji mashahidi wasiopungua wawili, asiyejua, wanne. Yafaa wasiwe warithi, pasije pakawa na neno baadaye. Wakala wa Serikali uitwao RITA hupokea wosia na kuutunza.

Kisha madeni. Watoto wakiisha kulala, mume na mke na wakae na daftari moja, kila mmoja ataje yake, na mwenziwe asipandishe sauti. Hii ndiyo sehemu ngumu. Bibi atataja mkopo wa kikoba aliolipia karo kimyakimya. Bwana atataja ng'ombe aliowaweka kwa jamaa yake kijiji cha mbali, ambao mkewe hajapata kuwaona. Akifa usiku huu, nani atajua idadi yao? Yaandikwe yote: nani anadai, nani anadaiwa, kiasi gani, na shahidi ni nani.

Tumeona pia wenye bidii ya ghafula, watakao kumaliza yote siku moja. Kabla ya saa sita wamekwisha kugombana. Heri kuanza na lililo fupi, kama cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ambacho shule itakidai, kisha kuendelea jioni baada ya jioni.

Paa laweza kungoja hata Oktoba. Wosia na uandikwe Jumapili hii, baada ya Misa, mashahidi wakiwa wangali uani pa kanisa.