Dozi nimemaliza, mbona bado naambiwa nina bakteria wa vidonda vya tumbo?

SWALI: Daktari, mimi ni dereva wa lori, nina miaka 41. Tumbo linawaka kwenye chembe ya moyo, zaidi usiku na nikiwa na njaa. Mwaka jana nilipimwa damu nikaambiwa nina bakteria wa vidonda vya tumbo, nikamaliza dozi. Mwezi uliopita nimepima damu tena, bado wapo. Nimepewa dozi nyingine, sijaianza. Pilipili na maharage nimeacha, maziwa nakunywa kila siku. Mgongo nao unasumbua, nameza diklofenaki. Je, ugonjwa huu hautibiki? (Msomaji, Makambako)

JIBU: Unatibika, na wengi hupona kabisa. Hiyo dozi usiianze kwanza.

Kipimo cha damu hakimtafuti bakteria mwenyewe, anayeitwa H. pylori. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili ulitengeneza kupambana naye, nazo hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Kwa hiyo karatasi yako haiwezi kusema kama umepona au la. Kumpima mtu damu baada ya dozi, kisha kumuuzia dozi nyingine kwa majibu hayo, mimi naona ni kumtia hofu na kumtoa pesa bure.

Omba kipimo cha choo, au cha pumzi ukiwa kwenye hospitali inayokifanya. Kabla ya kupima, ziwe zimepita angalau wiki nne tangu umalize antibayotiki, na wiki mbili bila omeprazo, dawa ya kupunguza asidi; vinginevyo bakteria waliobaki wanaweza wasionekane. Wakikutwa, usirudie mchanganyiko ule ule, maana huenda wameshakuwa sugu kwake. Daktari atabadilisha, mara nyingi kwa dawa za aina nne kwa siku 14. Ndani yake huwa kuna metronidazole, basi pombe uiweke kando mpaka umalize.

Halafu kuna jambo ambalo naona hakuna aliyekuuliza: hiyo diklofenaki. Pamoja na ibuprofeni na aspirini, ni chanzo kikubwa cha vidonda, hata kwa mtu asiye na bakteria kabisa. Dawa hizi huzuia kemikali zinazouwezesha ukuta wa tumbo kujikinga na asidi yake. Wapo wanaodhani wakichomwa sindano watakuwa wamelikwepa tumbo; sivyo, kwa sababu dawa hufika huko kupitia damu. Iache, tumia paracetamol kwa kipimo sahihi, na mgongo utafutiwe tiba yake. (Msomaji unayemeza aspirini kwa ajili ya moyo, usiache bila kuongea na daktari wako.)

Maharage rudi kula. Zamani hata madaktari walilaumu mawazo na chakula, mpaka Robin Warren na Barry Marshall wa Australia walipoonesha kazi ya bakteria huyu. Mwaka 1984 Marshall alimnywa mwenyewe, akapata uvimbe wa ukuta wa tumbo. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Pilipili inaweza kukuwasha, lakini haichimbi kidonda. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha hulichochea tumbo kumwaga asidi zaidi. Kama unavuta sigara, hiyo ndiyo ya kuacha, kwani huchelewesha kidonda kupona.

Na kusema kweli, kidonda chako bado hakuna aliyekiona. Watu wengi wana H. pylori bila kidonda chochote. Maumivu ya usiku na ya njaa yanafanana na kidonda cha utumbo mwembamba, ila kinachothibitisha ni kipimo cha mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Kama umepungua uzito bila sababu, chakula kinakwama kooni au umeambiwa damu ni pungufu, kipimo hicho kisiahirishwe.

Ukitapika damu au vitu vya rangi ya kahawa, ukipata choo cheusi cha kunata chenye harufu kali, au tumbo likikaza ghafla kwa maumivu makali, egesha lori, tafuta mtu akupeleke hospitali iliyo karibu muda huo huo. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo mweleze daktari kama unavitumia.