NAMNA CHURA MPYA ANAPATA JINA (Somo la Biolojia)

Mara hii tunazungumza juu ya vyura. Wengine watacheka, tuwaache wacheke.

Milima ya Itombwe, kule Kivu ya Kusini, inapita metre 3.000. Mule wanaishi vyura wa miti wanaoitwa Leptopelis: macho makubwa, na ncha za vidole zimepanuka ili washike majani. Mwaka 2014 wataalamu Portillo na Greenbaum walieleza aina mpya ya pale, Leptopelis anebos. Ni neno la Kigiriki, maana yake asiyekomaa, kwani aina hii ilitengana na ndugu zake si zamani sana.

Mpya kwa nani? Si kwa watu wa Itombwe, wenye kusikia vyura tangu utoto. Ni mpya kwa vitabu, na vitabu havikubali hivi hivi tu. (Katika Mwanzo 2 Adamu aliwapa wanyama majina, sisi tunaona ile kazi haijaisha.)

Chura anatafutwa usiku kwa tochi, sauti yake ndiyo inaongoza. Wanaandika mahali, tarehe, na rangi zake mara moja, juu rangi inapotea ndani ya alkoli. Halafu kazi ndefu: kulinganisha. Wanapima mwili toka pua mpaka nyuma, kichwa, jicho, mguu, na kusoma A.D.N. Vyura wa aina moja wanaweza kuwa na rangi mbalimbali, kwa hiyo macho peke yake yanadanganya. Lazima kutazama tena vyura wa zamani katika chupa za musée, kama wale Mbelgiji Raymond Laurent aliowaeleza miaka ya 1950. Mwishoni chura mmoja anawekwa kuwa mfano wa jina. Mwenye kubisha anaenda kumpima yeye.

Taabu yote hii ya nini? Asiye na jina hahesabiwi, na akipotea hakuna wa kumtafuta. Itombwe ilifanywa hifadhi mwaka 2006, lakini mashamba na machimbo ya dhahabu yanakula msitu. Mwaka 2012 Greenbaum na Chifundera Kusamba wa Lwiro walitangaza kwamba aina nne za vyura zimeonekana tena kule. Walijua ni zipi kwa sababu zilikwisha kuandikwa.

Basi, ukisikia chura analia juu ya mti, andika mahali, saa, na kama mvua ilinyesha. Usimuue. Daftari iko kwa mwalimu wa biolojia.