SOMO LA 14: NJIA ISIYOONEKANA MBELE

Mume akifa mwezi wa Machi, mvua bado inanyesha Ufipa. Ni wakati wa kufanya yale matuta ya duara tunayoyaita intumba. Majani hayangoji matanga yaishe.

Tumfikirie mama mmoja wa Matai. Ameketi mlangoni. Majirani waliokuja kulia naye wamekwisha kurudi makwao. Shamba limelimwa nusu. Watoto ni watano. Shemeji zake wameanza kuuliza habari za shamba. Usiku anasali, lakini hasikii jibu. Anauliza, "Mungu, unanipeleka wapi?"

Swali hili si dhambi. Katika Zaburi watu wengi wanamlilia Mungu na kumwuliza kwa nini yuko mbali. Anayemwuliza Mungu bado anazungumza naye.

Sasa tusome habari za mtu aliyeishi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Jina lake ni Adrian Atiman. Alizaliwa mnamo mwaka 1866 karibu na mto Niger, Afrika ya Magharibi. Akiwa bado mtoto aliibwa na wafanyabiashara ya watumwa. Walimpitisha katika jangwa la Sahara mpaka Aljeria. Huko mapadre Wamisionari wa Afrika walimkomboa kwa fedha.

Tusiseme kwamba Mungu ndiye aliyetaka mtoto aibwe. Waliomwiba walitenda uovu. Hata msibani watu wengine husema upesi, "Ni mapenzi ya Mungu," machozi hayajakauka. Neno hilo laweza kumwumiza mfiwa. Afadhali kunyamaza na kumchotea maji.

Atiman alipelekwa kisiwa cha Malta, akasomea udaktari. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja kwetu. Alifika Karema mwaka 1889. Alikuwa mgeni kabisa. Alioa huko, na mwana wao Joseph akawa padre. Atiman aliwatibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: alifanya kazi Karema miaka mingapi?

Kule jangwani mtoto yule hakujua kwamba kuna mahali panaitwa Karema. Hakuna aliyemwonyesha safari nzima. Aliongozwa kidogo kidogo, na mara nyingi kwa mikono ya watu: aliyemkomboa, aliyemfundisha, waliompokea.

Turudi kwa mama yetu. Mwaka ujao hauoni. Kesho anaiona. Kuna nusu ya shamba, na kuna jembe. Anaweza kuwaomba majirani wamsaidie siku moja. Kuomba msaada si aibu. Anaweza pia kumweleza katekista au mzee anayemwamini yaliyo moyoni.

Na habari za shamba? Kusali hakumkatazi kudai haki yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Shemeji wakizidi, apeleke shauri kwenye baraza la ardhi la kijiji. Huenda jibu la sala yake likapatikana pale barazani.

Asubuhi anakwenda shambani. Analaza majani, anayafunika kwa udongo. Analia huku akilima. Majani yataoza ndani ya tuta. Mvua za mwaka ujao zikianza, atalivunja tuta, atatawanya udongo, na kupanda ulezi.

MANENO MAPYA
kumkomboa mtu: kulipa ili awe huru
mfiwa: mtu aliyefiwa na ndugu yake
shauri: jambo linalopelekwa barazani

MASWALI
1. Atiman aliibwa akapelekwa nchi gani?
2. Kwa nini kusema "Ni mapenzi ya Mungu" kwaweza kumwumiza mfiwa?
3. Katika kijiji chako, mjane akisumbuliwa kwa ajili ya shamba, aende kwa nani kwanza?
4. Andika mistari mitatu juu ya wakati ambao hukuijua njia yako. Nani alikushika mkono?