Gari Kuukuu na Utambulisho Wake: Somo Kutokana na MGB



Huku mipakani gari hupitia mikono mingi: huuzwa, huvunjwa, huungwa upya. Ndiyo maana askari kizuizini huuliza kwanza: je, gari hili ndilo lililoandikwa katika kadi hii? Katika somo hili tulitazame swali hilo kupitia gari la mbali, MGB la Uingereza, ambalo wapenzi wake hawachoki kulisimulia wala kulifanyia ufundi.

Gari lenyewe

MGB liliundwa mjini Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, na zaidi ya magari 500,000 yalitoka. Lilikuwa gari dogo la michezo, lenye injini ya silinda nne ya sentimita za ujazo 1,798. Wazee waliolimiliki ujanani hukumbuka paa la turubai lililokunjwa siku ya jua na mngurumo wake barabarani. Halina fremu ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo wake.

Mabadiliko

Mwishoni mwa 1974, ili kutimiza sheria za usalama za Marekani, kiwanda kililiwekea bampa nyeusi za mpira na kuliinua. Hadi leo wako wanaozing'oa bampa hizo, wakarudisha za kromu na kulishusha gari. Naye fundi Ken Costello alipachika injini ya Rover ya silinda nane, lita 3.5. Kwa kuwa ilikuwa ya aluminiamu, uzito wake haukupishana sana na ule wa injini ya awali. Mwaka 1973 kiwanda chenyewe kikatoa MGB GT V8.

Je, bado ni gari lile lile?

Kwa miaka mingi mamlaka ya usajili ya Uingereza ilipima jambo hili kwa pointi: chasisi au bodi 5, springi na shokomzoba 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, injini 1. Jumla ni 14. Gari lililoundwa upya lilihitaji pointi 8, bodi ikiwamo, ili libaki na namba yake. Aliyebadili injini na giaboksi alibaki na 11. Gari lake ni lile lile, ilimradi ametoa taarifa. Lakini aliyekibandua kibati cha namba kwenye gari bovu na kukibandika kwenye bodi nyingine hakutengeneza gari. Amelivika gari jina la marehemu.

Mafunzo kwetu

Kwanza, ufundi si kosa. Kosa ni kuuficha. Ukibadili injini au rangi, ijulishe mamlaka ya usajili ya nchi yako na utunze stakabadhi ya fundi.

Pili, kabla ya kulipa, linganisha kadi na namba ya chasisi iliyopigwa kwenye chuma. Ukiona alama za kusagwa au kuchomelewa upya, ahirisha malipo, kaulize kituoni.

Tatu, kumbuka kwamba mnunuzi asiyekagua ndiye hupoteza: gari la wizi likitambuliwa hurudi kwa mwenyewe, na fedha zako huenda zisirudi.

Maswali ya kujadili kijijini

1. Kwa nini bodi ilipewa pointi nyingi kuliko injini?
2. Jirani akikuuzia injini iliyotumika, utadai karatasi gani?