KINGA NA KINGA NDIPO MOTO UWAKAPO

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Darasani huitumia methali hii kusifu umoja. Kinga ni kijinga, yaani kipande cha ukuni chenye moto. Kimoja peke yake hufifia, viwili vikikutana huwaka. Sisi tunaoishi Kibera na Kawangware twaijua methali hii kwa maana yake ya kwanza kabisa, kwa sababu nyumba zetu ndizo vijinga vyenyewe.

Katika Kemia tulisoma kwamba moto hutaka vitu vitatu: joto, oksijeni na kitu cha kuungua. Ondoa kimoja, moto hufa. Tazama basi mtaa wetu. Joto lipo: stovu za mafuta taa, majiko ya makaa, mishumaa, na stima ya sambaza ambayo waya wake mwembamba hubebeshwa nyumba nyingi. Hewa ipo. Kitu cha kuungua nacho ni tele. Mabati hayaungui, lakini mbao zilizoyashika na katoni tunazobandika ndani kuzuia baridi huungua upesi mno.

Likizo ya Agosti iliyopita nilikuwa kwa shangazi, Kawangware. Usiku mmoja stovu ilipinduka katika nyumba ya mwisho ya ploti. Jirani akaimwagia maji. Loo! Mafuta taa ni mepesi kuliko maji, kwa hivyo yalielea juu yake yakaubeba moto hadi mlangoni. Laiti angeufunika mapema kwa mchanga au blanketi zito lililolowa, hewa ingekatika. Shangazi akapiga kelele, "Wee! Toa watoto kwanza, vyombo baadaye!"

Nyumba sita ziliteketea. Ya saba haikuungua kwa sababu haikuwapo tena: vijana walikuwa wameing'oa mabati na mbao wakazivuta mbali. Mwenyewe alilia, "Mbona mnanivunjia nyumba?" Lakini moto ulipofika pale ulikosa chakula, na ploti iliyofuata ikapona. Hakuna aliyekufa.

Kumbe hivyo ndivyo wafanyavyo walinzi wa misitu. Moto wa msituni, kama ule uliowaka katika Milima ya Aberdare mnamo Februari 2022, hukimbia kwa upepo na nyasi kavu. Kwa hivyo hufyekwa ukanda mpana usio na kitu, ili moto ukifika hapo ukwame. Mtaani kwetu ukanda huo ni kichochoro. Ndicho njia ya kukimbilia, na ndicho njia ya wazima moto kuingizia mpira wa maji.

Niliporudi Kibera nilikipima chetu. Zamani mkokoteni ulipita. Siku hiyo watu wawili hawakuweza kupishana mpaka mmoja ageuke ubavu. Nani alikiziba? Naona haya kusema: ni sisi. Kibanda cha mama cha mandazi kilikuwa kimekula nusu ya njia, tena na jiko ndani. Na hicho kibanda ndicho hunilipia chakula cha mchana shuleni.

Nilimweleza mama yote. Akanitazama, akasema, "Nikikivunja, tutakula hiyo Kemia yako?" Sikuwa na jibu. Hata sasa sina jibu zuri. Lakini baada ya wiki moja alinituma nimwite fundi, kibanda kikapunguzwa futi mbili. Siku hizi mama huchoma mandazi machache. Jirani wa upande wa pili bado hajapunguza chake, nami simlaumu, kwa maana najua kinachomlisha.

Kabla sijaweka kalamu chini, shika haya:

1. Mafuta yakiwaka usimwage maji. Funika.
2. Usimwagie maji waya wa stima. Zima stima kwanza, kama swichi yafikika salama.
3. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini. Ukinusa, fungua mlango, usiwashe kiberiti wala taa, toka nje. Mlipuko wa Embakasi wa Februari 1, 2024 ulitokana na lori lililobeba gesi hiyo karibu na makazi ya watu.
4. Mafuta yakimwagika usiende kuteka. Mtaani Sinai, Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba iliwaka na kuua watu wapatao 100.
5. Jueni nani katika ploti ni mgonjwa, mzee au mtoto anayefungiwa ndani, na ufunguo uko wapi.

Ndugu msomaji, neno kinga lina maana ya pili, nayo ni ulinzi. Futi mbili za mama hazitoshi zikiwa peke yake. Jirani akiongeza zake mbili, mkokoteni utapita tena. Hapo kinga na kinga zitakuwa zimekutana, na kwa mara moja hazitawasha moto.