Gunia Moja Mlangoni

Anayeishi mitaa ya Nairobi kama Jericho au Kaloleni bado ana kiwanja kidogo mbele ya nyumba. Wa Kayole au Umoja ana ngazi, roshani na kamba ya nguo. Wote wanaweza kula sukuma wiki waliyopanda wenyewe, na kazi yenyewe si nyingi. Lililo gumu ni kujua udongo umetoka wapi na maji yametoka wapi.

Udongo

Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lilitoa ripoti kuhusu jaa la Dandora. Watoto 328 wa maeneo ya karibu walipimwa, na nusu yao wakakutwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Risasi hudumaza akili ya mtoto, na ikishaingia kwenye mboga kutoka udongoni, hata uichemshe mboga hiyo namna gani haitoki. Basi usichote udongo jaani, kando ya gereji, wala panapochomwa matairi. Najua ule wa jaani ni mweusi, laini na wa bure. Uache. Nunua udongo mwekundu kwa wauza miche wa barabarani, na uulize umechimbwa wapi.

Gunia

Changanya ndoo mbili za udongo na moja ya samadi iliyooza. Samadi mbichi ina vijidudu vya kuharisha, tena ya kuku huunguza mizizi. Chukua mkebe wa kilo mbili uliokatwa juu na chini, usimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto ndani yake na udongo pembeni. Vuta mkebe juu, jaza tena, hivyo hivyo hadi gunia lijae. Kokoto zitabaki zimesimama kama nguzo, na maji yatapitia humo hadi chini. Toboa ubavuni, chomeka miche. Funika juu kwa majani makavu ili maji yasikauke haraka.

Gunia lililolowa huhitaji wanaume kadhaa kulisogeza. Liweke mahali pake kabla ya kujaza, na kama ni juu ya paa, mwulize mwenye ploti kwanza.

Sukuma wiki ukiichuma majani ya chini na kuacha kilele, utaila miezi mingi. Managu na terere ni za mvivu: ziache chache zitoe mbegu, zitajiotea. Vidukari wakija, geuza jani, utawaona wamejazana kwa chini. Waoshe kwa maji na sabuni kidogo. Dawa ya dukani haihitajiki kwa mboga utakayochuma kesho.

Maji

Siku za mgao, maji ya kuoshea mchele au kusuuzia mboga yanatosha gunia. Ya kufulia yenye jiki, hapana. Na usithubutu kunyweshea maji ya mtaro au ya mto Ngong, hata kama jirani yako hufanya hivyo. Humo mnapita choo cha mtaa mzima na uchafu wa viwandani. Mtungi wa akiba uwe na kifuniko, na sahani iliyo chini ya mkebe wa dania imwagwe kila wiki, kwa sababu mbu wanahitaji siku chache tu kuzaliana humo.

Mboga ikifika jikoni, ioshe vizuri kuondoa vumbi, kisha ikaange kwa mafuta kidogo: vitamini A huhitaji mafuta ndipo mwili uipokee.